Kipande cha Keki

Chumba cha Nyuma,
Nyumba ile ile ya Baba,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mgongo wako umepata nafuu. Shemeji hajambo? Na wapwa zangu je, wanakumbuka kwamba wana mjomba? Huku sote tu wazima. Baba anakohoa kidogo asubuhi, lakini nguvu za kutugombeza bado anazo, kwa hiyo hatuna wasiwasi.

Uliniuliza habari za albamu. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu napandwa na hasira. Leo nimeamua kuandika na hasira yangu hivyo hivyo.

Tumeimaliza, Dada. Inaitwa Korido. Unaujua muziki wetu, ile roki ndefu wanayoiita progresivu: wimbo unapanda, unashuka, unabadili mwendo katikati kama mtu aliyekumbuka kitu njiani. Wimbo mkubwa una dakika ishirini na moja, na ni wa Mama. Siku zile za hospitali zote zimo humo: kusubiri, kile kitoroli chenye gurudumu linalolia, mimi nikigombana na yule muuguzi.

Kuirekodi kulitutoa jasho. Studio yenyewe ni chumba nyuma ya karakana ya seremala. Tulibandika magodoro ukutani, lakini msumeno hausikii la mtu. Ikabidi turekodi seremala akienda kula, na bwana yule anakula kama anakimbizwa. Mpiga gitaa wetu, ambaye tunamwita Mwalimu kwa kuwa anafundisha hesabu, alitukalia kooni na sehemu yake ya mapigo saba mpaka Nyundo, mpiga ngoma, akatupa vijiti chini. Alisema moyo wake unapiga kwa mbili, na kama Mungu angependa saba angempa saba. Tulicheka, kisha tukagombana kweli kweli.

Kipande kimoja tu hakikutusumbua. Katikati ya wimbo mkubwa vyombo vyote vinanyamaza, nabaki mimi na kinanda, polepole. Huo ndio mchana wa mwisho wa Mama. Nilikipiga mara moja tu, fundi mitambo akasema nisithubutu kukirudia.

Basi ndicho kilichoniponza.

Albamu ilipotoka, mtangazaji mmoja wa redio alisema hana nafasi ya wimbo unaoanza yeye akiwa kazini na kuisha akiwa amestaafu. Gazeti nalo likaandika kwamba tunapiga kama watu wanaotafuta funguo gizani. Hayo niliyameza. Lakini mpiga picha za harusi mmoja akakata kile kipande cha kinanda, akakiweka kwenye video ya maharusi wakilishana keki. Kikasambaa kama moto wa nyika. Sasa kila Jumamosi, ukumbi wowote nikiupita, nasikia kifo cha Mama kinapigiwa vigelegele. Albamu nzima hakuna anayeiulizia.

Mwezi uliopita tulipata onyesho, na ukumbi ukajaa. Nikasema Mungu si Athumani. Tukaanza wimbo mkubwa, na hata hatujatoka kwenye mapigo saba mtu akapaza sauti, “Keki!” Ukumbi mzima ukaitikia, “Keki! Keki!” Nyundo akanyamazisha ngoma, akaninyooshea kijiti kwenye kinanda. Nilikifunika kinanda nikashuka jukwaani. Tangu siku ile Nyundo ananisalimu kwa kichwa tu. Anasema mgeni hafukuzwi kwa kuingia mlango wa nyuma.

Sasa sikia hili. Kitindamimba wetu, kama ujuavyo, anaolewa mwezi ujao. Juzi alikuja chumbani kwangu, akakaa juu ya spika kama kawaida yake, akaniomba nimpigie kile kipande atakapokata keki. Nililipuka.

“Hata wewe! Unajua kile ni kitu gani?”

“Ni Mama.”

“Basi! Nilisimama koridoni nikawaona kwenye kioo cha mlango. Ulikuwa unamchana nywele, mabega yenu nyote wawili yanatikisika kwa kilio. Ndicho nilichokipiga. Nawe unataka kulishana keki juu yake?”

Alinitazama kama anayenionea huruma.

“Kaka, hatukuwa tunalia. Tulikuwa tunacheka. Mama alikuwa ananisimulia jinsi Baba alivyoikalia keki siku ya harusi yao. Akaniambia yangu niiwekee mlinzi.”

Nikamuuliza mbona hakuniambia siku zote hizi.

“Hukuuliza. Ulifika nyumbani ukajifungia na kinanda.”

Je, Dada, wewe ulikijua kisa hicho? Nilimwendea Baba kumuuliza. Akasema kiti kilikuwa kimewekwa vibaya, kisha akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Nimemkubalia mdogo wetu. Nitapiga. Lakini usidhani hasira imeisha. Nimewakasirikia mtangazaji, Nyundo, na wote wale waliopiga vigelegele bila kujua na wakawa wamepatia kuliko mimi niliyekitunga. Zaidi ya yote nimejikasirikia mwenyewe, niliyesimama nje ya chumba cha Mama nikihesabu vilio ambavyo havikuwepo. Ule mlango, Dada, haukuwa hata na komeo.

Msalimie Shemeji na wapwa zangu. Baba na mdogo wetu wanakusalimu, na Shangazi anauliza kama huko hakuna nauli ya kurudi. Mungu akufungulie kila mlango ambao wewe unasimama mbele yake, ukaingie.

Wako akupendaye na kukungoja harusini,

Mdogo wako wa kinanda.