Nafasi Yako ya Mafuta Sitaichukua

Baba, ejok, nakusalimia.

Nimekuwekea tumbaku juu ya mawe. Baba mdogo anasema mtu akija kwa kaburi aongee kwa sauti, lakini unanijua, mbele ya watu sauti yangu inapotea. Ndio nimeandika.

Watu wa mafuta wamerudi Lokichar. Jina lako bado iko kwa ile listi ya walinzi, na chifu anasema mimi naweza kuingia mahali yako. Jibu wanataka Ijumaa. Baba mdogo ananiambia, "Baba yako alingojea hiyo kazi mpaka akakufa, na wewe unaiangalia tu kama ngamia?"

Ulingojea kweli. Ulitutoa kwetu Kaaleng na mbuzi zote tukakae karibu na visima vya mafuta, ukisema mwenye yuko karibu ndiye huitwa kwanza. Kumbe kila mtu alifikiria hivyo. Nyasi ikaisha, mbuzi zikaanza kuanguka. Na wewe ulikuwa unanionyesha ule moto wa gesi unacheka: "Karo yako ile pale, inawaka." Halafu visima vikafungwa, malori yakaenda. Shule sikurudi. Sisemi kwa ubaya, baba. Ulitaka tupate.

Mafuta ilileta barabara, hiyo sikatai. Kuna watu walipata kibarua, wakajenga. Lakini nimeangalia sana. Mafuta inangoja watu wa mbali waseme bei iko sawa, ndio ichimbwe. Jua ya hapa haingoji mtu.

Fundi mmoja Mkongo pale kwa wakimbizi, Kalobeyei, amenifundisha sola. Kwanza nilikuwa napanguza vumbi tu kwa paneli, vijana wakaniita mama wa kuosha vyombo. Sasa pampu nafunga mwenyewe. Juzi tulifunga moja kwa shamba ya mama wa Sudan Kusini. Maji ilipotoka, huyo mama alikaa chini akaosha uso, akaosha tena.

Na kwetu Kaaleng, kisima ya maji bado ni ya jenereta. Turkana yote imekalia mafuta, na dizeli ikiisha, dada yangu Akiru anarudi kuchimba mchanga mtoni kutafuta maji, na mimba yake.

Kwa hivyo nusu ya mbuzi zako nabadilisha na paneli na pampu. Najua hizo mbuzi ndio jina lako. Zimenisumbua... siku nyingi sikula vizuri.

Lakini chifu nimeshampigia. Nimemwambia hiyo nafasi apatie mtoto wa mtu mwingine mwenye anaitaka. Sikuja kukuomba ruhusa, baba, nimekuja usikie kwangu kwanza, kabla usikie kwa ndugu yako.

Mbuzi zenye zitabaki sitazihamisha tena kufuata kampuni ya mtu. Zitakunywa Kaaleng, na mtoto wa Akiru atakunywa hapo hapo. Hiyo nakuahidi.

Pumzika sasa, baba. Umengoja ya kutosha.

Mtoto wako.