Ndizi Zilizobaki Mlangoni

Kemunto mjukuu wangu,

Hapa Mosocho tumeamka vizuri. Babu yako analalamikia mvua, na ng'ombe wako amezaa.

Umeniambia huko maabara mnapanga aina za vijidudu vya koo, na kwamba vya watoto wa Nyamira si sawa na vya kwetu Kisii. Ukauliza enzi zetu kulikuwa na aina gani. Mjukuu wangu, sisi tulijua ugonjwa mmoja tu wa koo: kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Kikisumbua, kinakatwa.

Dada yangu alikatwa chake. Koo likatulia, tukashukuru. Baadaye magoti yakavimba, moyo ukadhoofika; kumbe ugonjwa wenyewe haukuwa umetibiwa. Mengine niyaache.

Koo liliponishika mimi, nyanya yangu akamwita mkataji. Mama alikuwa ameolewa katika boma hilo, hangeweza kubishana na mama mkwe. Akasema, "Sawa, mama. Wacha kwanza nipeleke ndizi sokoni." Akanifunga mgongoni, akanikimbiza zahanati nikadungwa sindano. Kwa haraka yake, ndizi zenyewe alizisahau mlangoni.

Tuliporudi, nyanya alinifungua mdomo, akaona kimio kipo. Akazitazama zile ndizi. Kisha akammiminia mama maziwa, akamwambia, "Kaa, umechoka."

Mama hakujua aina yoyote ya kijidudu, lakini namshukuru kila ninapomeza chai. Nawe, mtoto akipanua mdomo mbele yako, mshukuru aliyembeba.

Ukija Desemba nitapanua wangu uchungulie. Kimio bado kipo.

Nyanya yako,
Moraa