Koti la Karani kwenye Msumari

Kericho, barabara ya maduka. Jumanne alasiri, mwezi wa nne, 1954. Mvua kubwa.

Dada Tabitha, chamgei. Nakusalimu katika jina la Bwana aliyetuokoa. Mko wazima huko Siongiroi? Kifua cha Mwalimu wako kimetulia? Na Njeri wangu, anakula vizuri, au bado anabagua mboga pembeni ya sahani kama mtoto wa tajiri? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio haukai.

Daftari hili letu tumezoea kulijaza polepole, mwezi wangu, mwezi wako: nani ameolewa, nani amerudi nyuma, mahindi yamefika wapi. Leo naandika yote kwa mara moja, kwa sababu yule mama wa mayai wa huko kwenu anarudi na lori la kesho alfajiri, na jioni hii atapita kulichukua daftari. Ukishasoma kurasa hizi zing'oe uzitie jikoni. Nyingine weka.

Naogopa, Tabitha.

Niko pale pale unaponijua, kwenye baraza ya duka la Mzee Lalji, nguzo ya tatu, ile iliyolainishwa na mgongo wa marehemu mume wangu. Cherehani yake iko mbele yangu, nimeifunika turubai. Mvua inapiga mabati mpaka ukiita mtu aliye karibu hasikii. Barabara ni tupu. Marehemu alikuwa akiniambia iliachwa pana hivi ili magari ya ng'ombe yaliyotoka stesheni ya Lumbwa yapate pa kugeukia. Siku hizi magari hayo hayapo tena. Lakini leo nimeutazama upana wote huu, nikaona ni mbali sana kuvuka ukiwa unatazamwa.

Nianze na Jumapili.

Tulikuwa ushirikani nyumbani kwa bibi yetu Kogo Rael, kumi na watatu. Unajua desturi yetu, hatuachi kitu gizani. Aliyeiba sukari ya tajiri wake husema. Aliyemchukia mama mkwe husema, na mama mkwe amekaa hapo hapo. Kogo Rael alikiri tena habari ya yule kuku wa jirani, ambaye sasa tumemzoea kama mmoja wa ndugu. Ndipo Roho akanisukuma na mimi nikasimama.

Nilisema jambo ambalo hata wewe sikukuambia. Mwaka ule nilipokwenda kwetu Murang'a kumzika mama, kabla sijarudi majirani walinipeleka nyumba fulani usiku. Nikapita chini ya upinde wa majani ya migomba. Nikala nilichopewa. Nikasema maneno niliyoambiwa niseme.

Sikupigwa. Ningependa kukuambia nilipigwa. Niliogopa tu, na niliona haya kuwakatalia watu walioshika jembe kumchimbia mama yangu kaburi.

Mwaka mmoja na nusu nimekaa na kitu hicho tumboni, nikiongoza nyimbo, nikifundisha watoto wa Jumapili. Nilipokisema nililia mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Wakanikumbatia mmoja mmoja. Nilikwenda nyumbani nikiwa mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Wepesi huo ulidumu mpaka Jumatatu saa nne. Askari alipita barabarani na kengele akitangaza: Wakikuyu wote wa maduka na soko, wanaume kwa wanawake, Jumatano saa mbili asubuhi uwanjani, kila mtu na kitabu chake cha kipande. Kila mmoja ataulizwa kama alikula kiapo. Atakayeonekana ana neno, lori la kizuizini litakuwa hapo tayari. Nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitema moja moja kwenye kiganja kwa sababu nilijua nikivuta pumzi nitazimeza.

Watu wanasema sehemu nyingine huletwa mtu aliyevikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili, akikutikisia kichwa umekwisha. Mimi wa gunia ananihusu nini? Nimejitangaza mwenyewe, mchana, mbele ya watu kumi na wawili.

Na hao kumi na wawili si watu wabaya. Hapo ndipo palipo na hofu yangu. Mtu mbaya unaweza kumshonea shati akanyamaza. Aliyeokoka utampa nini? Akiulizwa atasema kweli. Ninaogopa kweli ya ndugu zangu kuliko uongo wa adui, na kusema hivyo tu nasikia aibu.

Leo asubuhi kila aliyepita nilimpima uso. Kogo Rael alinipungia mkono kutoka ng'ambo, nami nikainama chini ya meza kama ninayetafuta kifungo. Mama mzee wa watu! Nikakaa huko chini mpaka alipopita.

Saa sita hivi nikamwona Arap Sigei anavuka barabara kuja kwangu.

Huyu hukumkuta, alihamishiwa hapa baada yenu kuondoka. Ni mtu wa Chebunyo, karani wa serikali, aliokoka mwaka jana. Jumapili alikuwa amekaa mbele yangu, magoti yetu karibu yagusane. Alikuja ameshika koti lake mkononi.

"Hujambo, Mama Njeri. Kifungo kimetoka."

Nikaangalia. Uzi ulikuwa umekatwa kwa wembe, safi kabisa.

"Kimetoka, au kimetolewa?"

Akacheka kidogo. "Fundi hadanganywi."

"Na aliyeokoka hajaribu."

Akaketi kwenye kibao cha wateja, akatazama huku na huku. Halafu akasema polepole, "Kesho nimepangiwa meza ya uwanjani. Mimi ndiye wa kuandika na kutafsiri."

Tabitha, mkono uliacha kazi wenyewe. Nikamwambia, "Sijakuomba kitu, ndugu."

"Ndiyo sababu nimekuja. Ungeniomba ningekasirika, na mtu akikasirika hapati shida ya kuamua." Akafuta uso kwa kiganja. "Nafikiria kuomba ruhusa niende nyumbani na lori la alfajiri. Niseme mama ni mgonjwa."

"Ni mgonjwa?"

"Mama yangu ni mgonjwa tangu nimjue. Ukimwamkia tu anakuhesabia viungo vyote mpaka ukucha."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Katikati ya hofu ile nilicheka.

"Nisipokuwa mezani," akasema, "sitasema uongo na sitakuuza. Na mimi pia naogopa, mama. Neno lako nimelijua tangu Jumapili, leo Jumanne, sijalifikisha kwa wakubwa. Wakijua, nami nitasimamishwa uwanjani."

Hapo ilikuwa nimwambie nenda, mwanangu, Mungu akubariki. Ulimi ulikuwa umeshafika. Lakini nikajiuliza, huyu akienda atakaa nani? Atakaa mgeni wa kutoka mbali. Huyo atasikia kwamba nilikula. Kwamba nilitubu atalisikia kwa nani?

Nikamwambia, "Usiende."

"Mama?"

"Nikiulizwa nitasema. Na nikisema, nataka aliyeshika kalamu awe ameniona nikilia. Mambo yangu ni mawili, Arap Sigei. Ukiondoka litaandikwa moja."

Akageuza uso kutazama barabara. Mvua ilikuwa inaanza, yale matone makubwa ya kwanza.

"Wanaweza wasijali la pili."

"Wanaweza."

"Wanaweza kunipanga mstari mmoja na wewe."

"Basi tutaimba," nikasema, lakini hakucheka.

Akainuka akaenda. Na shati tupu, ndani ya mvua. Koti likabaki mikononi mwangu. Amelisahau au ameliacha, sijui.

Unajua karani hakai meza moja na wazungu bila koti. Akija kulichukua kesho kabla ya saa mbili, basi atakaa mezani. Akipanda lori, atalipanda na shati. Nimekishona kile kifungo kwa uzi wa mara mbili, nikakaza na vile vitatu vingine ambavyo havikuwa na neno. Koti nimelitundika kwenye msumari wa nguzo. Kila nikiandika mstari mmoja naliangalia.

Usinione shujaa. Alipopotea kwenye kona nilikwenda nyuma ya duka nikatapika chai yote ya asubuhi.

Niliporudi nikamkuta Mzee Lalji amesimama kando ya cherehani, miwani mkononi. Ukuta wa mabati haufichi maneno.

"Mama, mimi sikia yote," akasema. "Wewe hapana kwenda kesho. Ingia stoo, lala nyuma ya marobota ya kitambaa ya marekani. Wao iko uliza, mimi sema fundi kwisha kwenda Nakuru."

"Na Mungu wako je, Mzee?"

"Mungu yangu kwisha zoea mimi."

Nikatabasamu. Yeye hakutabasamu. "Wao napeleka wewe mbali, nani kaa hapa kwa nguzo?" akasema, akarudi ndani haraka. Miaka ishirini, Tabitha, na sikujua kwamba yule mzee ananihesabu kama mtu.

Nikuambie yote? Niliingia stoo. Nilipatazama mahali penyewe. Ni pakavu, panatoa harufu ya nguo mpya na sukari nguru. Nilijilaza nikajipima, nikaona natosha. Nikakaa pale kitambo, magoti kifuani, nikisikiliza mvua, na nikakiri kwamba nilipapenda.

Kilichonitoa ni Njeri. Anayejificha hutafutwa. Wakinikosa uwanjani wataanza kuuliza ana nani, mtoto wake yuko wapi. Watafika Siongiroi, mlangoni kwako. Nikatoka, nikajipangusa vumbi.

Sasa nina ombi, na linaniuma kuliko yote niliyoandika juu.

Uliponiandikia kwamba watu wa huko wanamwita Cherotich, nilikasirika. Nilikujibu vibaya, mstari ule upo humu humu, kurasa chache nyuma. Nilisema mtoto ana jina la mama yangu, halihitaji lingine. Nisamehe. Leo mimi mwenyewe nimelitamka, hapa barazani, peke yangu, nisikie linavyokaa mdomoni. Cherotich. Ni jina zuri. Mwitikishe hilo mbele ya watu. Shule ikifunga asije Kericho, hata akilia. Mtu akikuuliza ni wa nani, sema ni wako.

Mimi ninayetaka kusimama kesho niseme kweli yote, nakuomba wewe useme hivyo. Je, ni uongo? Nimeomba juu ya jambo hili na sijapata jibu. Umemlisha miaka miwili, umemuuguza surua, umemfundisha kukamua ng'ombe. Labda imekwisha kuwa kweli, na mimi ndiye nilikuwa sijakubali.

Mvua inapungua. Harufu ya majani ya chai yanayokaushwa inashuka kutoka kiwandani, kama kila jioni. Mama mmoja anavuka barabara na mwavuli uliovunjika mbavu. Kila kitu ni kama kawaida yake, na hilo nalo linanitisha, kwamba barabara hii haitajua kesho kama nguzo ya tatu ina mtu au haina. Marehemu mume wangu amelala kule juu nyuma ya kanisa, nikipelekwa hakuna wa kumpalilia. Mwambie Mwalimu, akipata safari ya huku.

Nimeamua hivi, nikiwa naogopa, usidhani vinginevyo. Saa mbili kasoro robo, kama koti bado lipo, nitalitoa msumarini. Nitavuka nalo barabara yote hii pana, mbele ya macho ya wote, nifike mezani, nilitundike kwenye kiti chake. Hata akikaa mgeni, kiti kitakuwa na koti la aliyeniona. Kiswahili ninacho cha kutosha, sihitaji mtafsiri kwa maneno mawili. Nilikula. Nilitubu. La kwanza nitalisema, na la pili nitalisema kwa nguvu zaidi, hata kama wameshaniita upande wa lori lao.

Mama wa mayai anakuja, namwona pale kwa muuza mkate, kikapu kichwani. Akifika kwenu, kabla hujamuuliza habari nyingine, muulize kama ndani ya lori kulikuwa na mwanaume wa shati tupu. Kama hakuwepo, mwimbie Bwana. Kama alikuwepo, usimchukie. Ni mtu mwoga kama mimi, na alikata kifungo chake mwenyewe ili aje kunionya.

Nimeangalia tena. Koti bado lipo.

Tafadhali nijibu upesi, hata mstari mmoja, kwa anwani ya duka. Kama sipo, Mzee Lalji atajua nimepelekwa wapi. Niambie tu Cherotich anaendeleaje.