Ule Wimbo wa Krismasi Ulikuwa Wako

Mdogo wangu wa kwanza,

Naanza hivyo kwa kuwa sina namna nyingine ya kukuita. Jana nilikuwa Kariakoo na mjukuu wangu, tunatafuta viatu vyake vya sikukuu, na kila duka limetoa spika nje. Wimbo ule ule. Wameutia kinanda, wameukimbiza mbio, vijana wanatikisa mabega huku wakiuza fulana. Nikasimama katikati ya njia, mtu wa mkokoteni akanifokea, "Mama, pembeni basi!" Nikasogea.

Ulizaliwa mwanzoni mwa Desemba, miaka ile ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Ulikuja kabla ya siku zako, mwembamba wa kutia huruma. Tulipanga chumba kimoja kwenye nyumba ya Kiswahili hapo hapo Kariakoo, na Mama alikufunga kifuani kwa kanga mchana na usiku ili upate joto. Mimi nilikuwa nachemsha maji ya kujaza kwenye chupa za kukuwekea ubavuni. Nilikupenda, lakini ulikuwa mlizi wewe, ala! Nyumba nzima haikulala.

Aliyekuweza ni Bi Somoe wa chumba cha mbele, mama wa Kiislamu kutoka huko Lindi, aliyekuwa akikaanga vitumbua barazani. Alikuwa akimaliza biashara yake, ananawa mikono, anakupokea, anakuimbia wimbo wa kubembeleza watoto wa kwao. Maneno hatukuyaelewa hata moja. Wewe ulikuwa ukinyamaza pale pale na kumkodolea macho.

"Mnamwitaje huyu?" Bi Somoe aliuliza siku ya kwanza.

Mama akamjibu, "Bado. Huyu ni mgeni tu."

Nikuelezee, maana hakuna aliyekueleza. Sisi watu wa Kilimanjaro, mtoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la babu mzaa baba. Jina lako tulilijua sote. Ila Baba alishikilia kwamba atakayelitamka kwanza ni babu mwenyewe, nyumbani, Krismasi, ukoo wote umekusanyika. Kukuita kabla ya hapo kwake ilikuwa kumnyang'anya mzee haki yake. Basi ukawa Mgeni.

Mwaka ule mvua za vuli zikaharibu barabara, na nesi akasema usipandishwe basi kabisa. Wachaga wote wa mtaa ule wakaondoka na mizigo yao, tukabaki sisi. Mchungaji akaja kukuona, akamwambia Baba, "Tumbatize leo. Mtoto dhaifu hangojewi." Baba akasema tungoje Januari, barabara ikauke. Mama akakukaza kanga kifuani. Hata Bi Somoe, ambaye si dini yake, alimwambia, "Baba Ndeshi, mpeni basi hata jina la kuazima." Baba akacheka tu. Alikuwa na uhakika, maskini.

Baba ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya, na kwaya yenyewe ilibaki na watu wachache, wengine wote wako mlimani. Jioni moja alikaa uani akamsikiliza Bi Somoe akikubembeleza, kisha akaanza kuweka maneno ya Kiswahili juu ya sauti ile. Lala mgeni, chumba ni kidogo, lakini ni chako. Alimaanisha Mtoto wa Bethlehemu aliyekosa nafasi, na alikuwa akikutazama wewe.

"Utachukia tukiuimba kanisani?" alimuuliza.

"Nichukie nini? Kubembeleza mtoto kuna dini?"

Asubuhi ya Krismasi wakauimba, taratibu, bila ngoma, maana ngoma wakati ule zilikatazwa. Mama alikaa benchi la nyuma na wewe. Watu walilia. Wewe ulilala fofofo tangu ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, na mimi nikajivuna mbele ya wenzangu kwamba huyu anayeimbiwa ni mdogo wangu.

Hukuuona mwaka mpya. Ulikwenda adhuhuri, jua kali, nje watu wanapatana bei za mihogo. Tulikuzika na kijiti kisichoandikwa kitu, kwani tungeandika nini?

Baba hakuuimbisha tena wimbo ule maisha yake yote. Lakini wanakwaya walishaushika, na Krismasi iliyofuata wakapanda nao mlimani. Huko ukasambaa. Leo Wamachame wanasema ni wao, Wamarangu wanasema ni wao, watu wa kusini nao wanadai, na hao angalau nusu ya wimbo ni yao kweli. Redioni wanasema ni wimbo wa asili, mtunzi hajulikani. Waache waseme. Ukishazoea kuimbwa na watu wengi, wimbo hauna tena mwenyewe.

Kilichoniuma ni kingine. Baadaye alizaliwa mdogo wetu, barabara zikiwa kavu, akapelekwa nyumbani, babu akampa jina. Lile lile. Alikuwa mtu mwema, sina kinyongo naye, tumemzika mwaka huu na jina limechorwa kwenye msalaba wake vizuri kabisa. Lakini nilisimama pale kaburini nikakulilia wewe. Nakulilia mpaka leo, uzee wote huu.

Jana mjukuu wangu aliniona nafuta macho. "Bibi, mbona unalia? Wimbo wenyewe si wa kucheza huu!"

Nikamwambia ulitungwa nyumbani kwetu, kwa ajili ya mdogo wangu aliyefariki akiwa mchanga. Akafurahi, akataka kuwakimbilia wale vijana wa spika awaambie. Akanishika mkono.

"Aliitwa nani, Bibi?"

Spika zilikuwa zinapiga, mtoto ananitazama, na mimi nimefungua kinywa.

Lala salama.

Dada yako uliyemtangulia,
Ndeshi