Kamel Si Kamili

Leipzig, 3 Novemba 1997

Mama mpenzi, shikamoo.

Mimi mzima, ila nimechoka. Nyinyi huko Ibra hamjambo? Kazi ya wadi nzito, na lugha nzito zaidi. Kila jina la kitu lazima litanguliwe na der, die au das kwa jinsia yake, na sista mkuu huniita Kamel mbele ya wagonjwa. Asubuhi Kamel, jioni Kamel. Maji yamezidi unga, Mama. Nikisema narudi, Baba atasemaje?

Binti yako, Alyaa

Ibra, 30 Novemba 1997

Mwanangu Alyaa, marahaba.

Sote wazima, alhamdulillahi. Barua yako imenichekesha peke yangu jikoni. Sista mzima wa Kijerumani anakuita kamili! Kumbe hata wao wameazima kwa Waarabu. Nilimwambia jirani yetu Huwaida, naye akatangaza kwenye harusi ya binti wa Fatma. Sasa naitwa Mama Kamili. Lakini usivimbe kichwa, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kurudi ya nini, na watu wanakupenda hivyo? Baba yako anasema umalize masomo ya uuguzi.

Mama yako, Wadha

Leipzig, 19 Desemba 1997

Mama, shikamoo. Ramadhani ndiyo hiyo inaingia, nawaombea kheri.

Si kamili, Mama. Kamel ni ngamia. Nimetazama kamusi kubwa ya maktaba. Neno lilitoka pande zetu, ni ndugu wa jamal, ngamia kwa Kiarabu, likapita kwa Wayunani na Warumi mpaka likafika huku. Sisi kwa Kiswahili tunasema ngamia amekuja, kama mtu. Wao wamempa das, si ya kiume wala ya kike. Na mtu akiitwa hivyo, maana yake mpumbavu.

Basi ndilo jina langu wadini. Asubuhi nalia nikivaa viatu. Naomba ruhusa yenu nirudi.

Alyaa wako

Leipzig, 22 Februari 1998

Mama, shikamoo.

Idi imepita sijapata hata kadi. Nikipiga simu, Baba ananiambia umelala, na huko ni saa nne asubuhi. Nimekuudhi? Kama ni aibu ya ile harusi, waambie mimi ndiye sikueleza vizuri. Bado naenda kazini. Nangoja neno lako tu.

Binti yako, Alyaa

Ibra, 10 Machi 1998

Mwanangu, marahaba.

Sikuwa nimelala. Nilikuwa naona haya, kwako, si kwa wanawake wa harusini. Wewe waniandikia umechoka, mimi napiga vigelegele. Kila nilipoishika kalamu niliiweka tena.

Huwaida nimemweleza mwenyewe. Alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaniuliza, “Sasa mtoto bado yuko huko huko?”

Nikamwendea baba yako. Akarudia yale yale, umalize, watu watasema nini. Nikamwambia, “Basi Abdullatif, nenda wewe ukaitwe ngamia, yeye arudi.” Siku ile hakula. Leo baada ya sala ya alfajiri ameniuliza ndege za huko zinashuka uwanja wa Siib siku gani. Nimechukua kalamu papo hapo.

Rudi, mwanangu. Usingoje barua nyingine.

Mama yako