Kovu la Boaz

Ibadakuli,
Shinyanga.
21 Septemba 2024

Mpendwa kaka Luka,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Shemeji Violeth aliniambia umeanza kukanyaga bila gongo, lakini namjua shemeji, hupenda kutufurahisha. Niandikie mwenyewe, useme kweli. Korosho za Newala zilifika. Baba amezila peke yake kama mtoto.

Huku afya tunayo. Mengine ndiyo yaliyonikalisha niandike, maana kwenye simu nitalia tu.

Ule mchoro wa penseli uliomchora Boaz uani, siku aliyovaa magwanda kukuringia kabla ya kwenda kulinda amani, niliuchukua mimi. Kwenye mazishi hukuwepo, kwa hiyo hukuona. Jeneza la kaka yetu lilikuja limefungwa, na askari walioleta mwili walituomba tusilifungue, kwa sababu gari alimokuwa Boaz na wenzake liliungua. Mama hakumwona mwanawe. Alikaa mkekani macho makavu, na walipokuja kumnyoa nywele kama wafiwa wengine, alikataa.

Nilitaka siku ya arobaini kila nyumba ya ukoo ipate sura ya Boaz. Huko Geita ninakofanya kazi yuko sonara, Nitin, anayechora mabamba ya shaba ya milangoni na makaburini. Hulipaka bamba nta, huchora juu yake kwa sindano, kisha hulizamisha kwenye tindikali ile ile ya wanunuzi wa dhahabu, ikaila mistari. Alinakili mchoro wako mstari kwa mstari, hadi vifungo. Ningeishia hapo! Lakini mimi na ujuaji wangu nikamwambia apake wino, abanie karatasi, anitolee nakala thelathini. Hakuwahi kufanya hivyo. Mabamba yake hutazamwa tu.

Zilikuwa nzuri, kaka. Mimi niliyekua naye sikuona kosa. Mama aliishika ya kwanza, akaitazama sana, akaniuliza, "Ng'wana wane, mwanangu, kovu la pembe ya ng'ombe lilikuwa shavu gani?"

La kushoto. Kwenye karatasi lilikuwa la kulia.

"Basi kama sura mmekosea, na maiti mmekosea," akasema. "Mwanangu yuko hai."

Tangu siku hiyo akaanza kula. Akamtandikia Boaz kitanda, akamnunulia sabuni anayoipenda. Arobaini ikapita, matanga hayajaanuliwa. Baba yako, mzee Maduhu, ndugu yake Baba, alisema tumwache, angalau anacheka. Nami, Mungu anisamehe, nilitamani tumwache. Kuna asubuhi nilikiona kile kitanda, nikaanza kuamini pamoja naye.

Wiki iliyopita Nitin akanipigia. Amelielewa kosa lake: kinachochapwa kutoka kwenye bamba hugeuka, kushoto kukawa kulia. Akasema tuishike karatasi mbele ya kioo, tutaona. Nilikaa na maneno hayo siku tatu bila kumwambia mtu. Halafu nikamkuta Mama kasimama barabarani tangu asubuhi, juani, kwa kuwa ameota Boaz anakuja. Nikaona siwezi tena.

Nilichukua kioo cha Baba cha kunyolea ndevu, nikakiegemeza mezani, nikamwita. Nikaishika karatasi mbele ya kioo. Mama alipeleka kidole kwenye kioo, akaligusa lile kovu, shavu la kushoto, mahali pake kabisa. Kisha akavua kilemba, akaketi sakafuni.

"Melania, lete wembe."

Nilimnyoa mimi. Ndipo alipolia kilio ambacho hakulia kaburini, na majirani walikuja mbio wakidhani tumepata msiba mwingine. Naona ni mimi niliyemzika Boaz, si wale askari, na moyo unaniuma mpaka nashindwa kula.

Mchoro wako umelowa nta, haufai tena. Nisamehe. Nakala yako nimeiweka humu. Usiitazame bila kioo.

Baba, baba yako na dada Justa wanakusalimu sana. Msalimie shemeji Violeth na watoto. Mungu auponye mguu wako, akufikishe huku salama, maana Mama hana tena mtoto wa kiume wa kumwita ila wewe.

Anakusalimu naye. Kioo hajakirudisha, kiko chumbani kwake pamoja na karatasi, na mlango anaufunga. Baba siku hizi ananyoa ndevu kwa kupapasa.

Mdogo wako akupendaye daima,
Melania