Siku ya Kumpa Mzee Mgongo

Levuka, 3 Machi 1958

Mwanangu Apakuki,

Salamu nyingi. Sote wazima, ila goti la baba yako, linalomuuma kila akiitwa shambani. Wewe hujambo? Mwandiko wako bado kama kuku kachakura; barua nimeisoma siku mbili.

Nasikia mtajaribu bomu la atomiki kisiwani huko. Naogopa, sifichi. Lakini kumbuka adabu: mzee hapewi mgongo.

Mama yako, Litia

Manowarini, 20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula hadi suruali inabana.

Kazi yetu ni kuwapakia wenyeji melini na kuwarudisha bomu likishalipuka. Siku hiyo wao watashuka chini, ndani ya meli. Sisi wa juu tutaligeuzia bomu mgongo na kufunika macho kwa viganja, maana mwanga wake hupofusha. Anayenitoa jasho ni mwenyeji mmoja, Mzee Tebano. "Kijana, chini kunanuka mafuta. Nikitapika utafuta wewe?" Basi karuhusiwa kiti juu, nyuma kabisa ya meli.

Usiogope. Mwambie mchumba wangu Vasiti harusi iko palepale. Mkeka wa harusi uwe tayari.

Mwanao, Apakuki

Manowarini, 12 Mei

Mama,

Shikamoo. Usishtuke kuona mwandiko mzuri. Ni wa rafiki yangu Sireli. Mimi nasema, yeye anaandika.

Siku ya bomu, Mzee aliligeuzia mgongo, nami nilikuwa mbele yake. Kugeuka kama wenzangu kungekuwa kumpa mgongo. Sikuweza, Mama. Nikakaa kumwelekea yeye, na bomu nyuma yake, macho nimeyafunika. Wimbi likasukuma kiti, nikaondoa viganja nimdake. Mwanga ukaja papo hapo.

Mzee hajambo. Ananilisha samaki huku analia, namwambia anatia chumvi mno. Mimi naona ukungu mweupe tu. Daktari anasema tungoje.

Mwambie Vasiti asijifunge kwangu.

Mwanao, Apakuki

Levuka, 2 Juni

Mwanangu,

Pole, baba, pole sana. Barua yako nimeisoma mara moja bila kukwama, na mwandiko ule mzuri nimeuchukia.

Vasiti yuko hapa. Anasema, "Nani kamtuma aniamulie?" Mkeka tunausuka naye. Tutakuja bandarini sote, hata baba yako na goti lake.

Adabu nilikufunza mimi, sikukwambia kwamba iko siku ya kuiacha. Siku ile ungempa mgongo kila mtu, hata mimi.

Sireli mwanangu, msomee polepole. Kisha mpe kalamu mkononi aandike mwenyewe, kuku achakure apendavyo. Nitaisoma.

Mama yenu, Litia